Nyumba Yenye Watoto na Vurugu Yake

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wazazi wa jamii)

 

Mgeni abishapo hodi katika nyumba yenye watoto sita au saba, jambo la kwanza limjialo mama mwenye nyumba si furaha, bali ni haya. Kinywa chake husema "Karibu", na huku mguu wake wasukuma mvunguni gari la waya, kandambili iliyokatwa magurudumu, na vipande vya kitenge alivyoviacha binti yake chini ya cherehani. Mgeni akisha kuketi, mama huanza kuomba radhi: "Utusamehe, bibi, nyumba imevurugika, watoto hawa..." na sentensi hiyo haimaliziki, kwa kuwa papo hapo kitu kingine huanguka chumbani. Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, kama katika mitaa mingine ya Waislamu ambamo jamaa wengi hukaa ua mmoja, udhuru huo husikika karibu kila alasiri.

Basi yafaa kuuliza: je, vurugu hiyo ni aibu? Na kama ni aibu, ni aibu ya nani?

Kabla ya kujibu, yapasa neno lenyewe lipambanuliwe, maana watu hulitumia kwa mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni uchafu: maji ya kuoshea vyombo yaliyolala, masalio ya chakula yaliyoachwa kwa nzi, nguo zenye najisi zilizochanganywa na nguo safi. La pili ni hatari: mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda, vidonge vilivyoachwa juu ya meza, wembe katika mkeka, jiko la makaa liwakalo ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. La tatu ni kazi isiyokwisha: makopo, nyuzi, karatasi, gundi, vibao na vitambaa vya mtoto aliyekuwa akitengeneza kitu, akaitwa chuoni kabla hakijakamilika.

Uchafu hauna mtetezi. Dini iliyoitanguliza tohara mbele ya Sala haiwezi kuuvumilia. Hatari nayo haina mtetezi. Lakini kazi isiyokwisha si uchafu wala si hatari. Nayo ndiyo inayopigiwa kelele kuliko hayo mawili. Hapo ndipo wazazi wengi wapotokewapo na mizani. Mtoto aliyemwaga wino juu ya mkeka hupigwa siku hiyo hiyo, na chupa ya mafuta ya taa hubaki mahali pake kando ya mlango, mwezi baada ya mwezi, wala hapana mtu aiambiaye neno.

Muislamu atafutaye kielelezo cha nyumba hana haja ya kwenda mbali. Vyumba vya Mtume Muhammad, sala na amani zimshukie, vilikuwa vidogo, vimejengwa kwa matofali ya udongo na makuti ya mtende, na dari yake ilikuwa fupi hata kijana aliweza kuigusa kwa mkono. Ndani ya vyumba hivyo yalitokea mambo yale yale yatokeayo katika kila nyumba. Bwana Anas bin Malik, aliyeingia katika utumishi wa Mtume akiwa mtoto, amesimulia kwamba siku moja mmoja wa Mama wa Waumini alipeleka sahani ya chakula kwa mtumishi katika nyumba ya mwenzake, ambamo Mtume alikuwamo. Mwenye nyumba, kwa wivu, aliupiga mkono wa mtumishi. Sahani ikaanguka, ikavunjika, na chakula kikamwagika.

Wasikilizaji na watazame yaliyofuata, kwa utaratibu wake. Kwanza, Mtume aliokota vipande vya sahani kwa mikono yake mwenyewe, akakusanya na chakula. Pili, aliwaeleza waliokuwapo sababu ya jambo lile kwa maneno machache ya upole, kwamba mama yao ameingiwa na wivu, wala hakumfedhehesha mbele yao. Tatu, alimzuia mtumishi asiondoke mpaka ilipoletwa sahani nzima kutoka nyumba ile ile. Hiyo akaipeleka kwa aliyevunjiwa, na ile iliyovunjika ikabaki kwa aliyeivunja. Hapakuwa na ukelele, na wala hapakuwa na dhuluma: mwenye kuvunja alilipa, na mwenye haki alipata haki yake. Kuokota, kueleza, kurudisha. Hayo matatu yatosha kuwa sheria ya nyumba nzima.

Mifano mingine yajulikana kwa walimu wote. Mtoto mchanga aliletwa kwake, akamkojolea nguoni. Mtume akaagiza maji, akayamimina mahali pale, basi jambo likaisha. Mjukuu wake alimpanda mgongoni katika sijida, naye akairefusha sijida ile hata watu wakadhani pametokea jambo, kwa kuwa hakutaka kumharakisha mtoto kabla ya kutimiza haja yake. Bibi Aisha alikuwa na vitu vyake vya kuchezea pembeni mwa chumba, na miongoni mwavyo farasi mwenye mbawa za vipande vya nguo. Mtume alipomwuliza tangu lini farasi ana mbawa, Bibi Aisha alimjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman. Naye akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Vipande vile vya nguo, mtu mwingine angaliviita takataka.

Na Bwana Anas mwenyewe alishuhudia kwamba katika miaka 10 ya utumishi wake hakuambiwa hata "ah!", wala hakuulizwa kwa ukali kwa nini amefanya hili au kwa nini ameacha lile. Mtoto aliyelelewa hivyo alikuja kuwa mmoja wa wapokezi wakubwa wa Hadithi. Hakufunzwa kuficha, alifunzwa kuangalia na kukumbuka.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno haya. Mtoto anayeogopa kuvunja kitu hatavunja kidogo zaidi, bali ataficha zaidi. Mfano wake ni huu. Wawepo ndugu wawili, mkubwa wa miaka 9, na mdogo wa miaka miwili. Siku ya Jumatatu mkubwa avunja glasi; apigwa, na mbele ya wageni aitwa mkono wa hasara. Siku ya Alhamisi aambiwa amwangalie mdogo wake, na kwa kitambo kidogo asahau. Mdogo ainua chupa ya soda iliyo kando ya mlango na kunywa funda la mafuta ya taa. Mkubwa afanyeje? Ampangusa mdomo mwenzake, airudisha chupa mahali pake, akaketi kimya. Mtoto aanza kukohoa. Mama adhani ni mafua, ampaka dawa kifuani, amlaza. Saa mbili zapotea hivyo.

Waganga wajua thamani ya saa mbili hizo. Mafuta ya taa yakinywewa, madhara yake makubwa huwa ni ya mapafu. Mtoto asitapishwe kwa kidole wala kwa chumvi, kwa kuwa akitapika mafuta yaweza kuingia mapafuni. Bali apelekwe hospitali upesi, na chupa yenyewe ichukuliwe ionekane. Lakini nani ampelekaye, ikiwa aliyeona amefunzwa Jumatatu kwamba kusema kweli ni kujitakia fimbo? Glasi ya Jumatatu thamani yake ilikuwa faranga chache. Kilichokuwa ghali ni fimbo iliyoifuata.

Huenda mzee mmoja akasimama na kusema: "Wahenga wamenena kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye." Wamenena kweli. Lakini methali hiyo yahusu kumfunza mtoto lililo jema hata likimliza. Haikusema kwamba kila kinachomliza ni mafunzo. Mtoto aliyemwaga unga atalia pia akiambiwa achukue ufagio, afagie, kisha aende dukani na kikapu badala ya kwenda kucheza. Hicho ni kilio chenye faida, maana amejifunza kwamba mwaga hutakiwa afagie. Tusi halimfundishi kufagia, na kofi halirudishi unga katika kopo.

Tena wahenga hao hao wamesema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na wamesema: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Watu wa mtaa wenye mafundi wa magari, washona nguo na wachomeleaji wazielewa methali hizo kuliko wengine. Hakuna fundi aliyezaliwa na mkono uliokamilika. Gari la kwanza la mvulana ni la waya wa uzio na vifuniko vya makopo, nalo haliendi moja kwa moja, lavutika upande. Alivunja, akalipinda upya, akagundua ya kuwa ekseli ikikaa mshazari gurudumu hukwaruza. Somo hilo, kijana atakayeingia gereji baada ya miaka 7 au 8 atalikuta mikononi mwake tayari. Mama aliyeutupa ule waya jalalani alidhani ametupa takataka. Hakujua kwamba ametupa daftari.

Katika nchi ya Malawi, isiyo mbali na hapa, upo ushahidi wa jambo hili unaojulikana duniani kote. Njaa kubwa iliikumba nchi hiyo katika miaka ya 2001 na 2002, na kijana William Kamkwamba, mwana wa mkulima, aliacha shule ya sekondari kwa kukosa karo. Akawa aenda maktaba ndogo ya kijijini, akasoma vitabu vya sayansi, akaona humo picha za vinu vya upepo. Kisha akaanza kuokota: mifupa ya baiskeli, panga la feni la trekta, mabomba ya plastiki ambayo aliyapasha moto na kuyanyoosha yawe mabapa, na dainamo ya baiskeli. Watu walimcheka, na wengine wakamdhania amerukwa na akili, kijana mzima kushinda katika machuma mabovu. Alisimamisha kinu chake juu ya mnara wa miti, upepo ukavuma, na taa ikawaka. Baadaye alirudi masomoni, akafika hata chuo kikuu huko Marekani, na kisa chake kikachapwa kitabu mwaka 2009. Ni rahisi leo kumsifu. Jambo gumu lilikuwa kuyavumilia machuma yale kabla taa haijawaka.

Na yapo mambo ambayo hayakukusudiwa kabisa, yakazaliwa katika kosa. Mwaka 1856 mjini London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alikuwa na chumba kidogo cha majaribio nyumbani kwa baba yake. Katika likizo ya Pasaka alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya homa ya malaria, kutokana na vitu vitokanavyo na lami ya makaa ya mawe. Hakupata kwinini; alipata masizi meusi ya kuchukiza. Alipokuwa akiosha chombo chake kwa spiriti, aliona spiriti ikigeuka rangi ya zambarau nzuri. Akatia humo kitambaa cha hariri, na rangi ikashika. Mwaka uliofuata, yeye na baba yake na kaka yake walifungua kiwanda, na baba ndiye aliyetoa fedha. Kabla ya hapo vazi la zambarau lilikuwa la matajiri. Leo mwanamke anayechagua kitenge cha rangi hiyo sokoni hajui kwamba njia ya rangi za viwandani ilifunguliwa na chombo kilichochafuka, na baba ambaye hakusema: "Ondoa uchafu huu nyumbani kwangu."

Lakini hapana haja ya kwenda hata London. Mpishi akizidisha moto, wali hushika chini ya sufuria. Hilo ni kosa la jikoni. Na kosa hilo ndilo wagombanialo watoto wa Kiswahili, kila mmoja akitaka apewe ukoko. Wairani wamekwenda mbele zaidi: wao huunguza wali kwa makusudi, kwa mafuta na ustadi, na kumpa mgeni ule ukoko kuwa ni heshima yake. Binti aliyezidisha hamira, unga ukafura na kumwagika nje ya bakuli, amejionea nguvu ya hamira na joto kwa macho yake. Mama mwenye busara humwonyesha jinsi ya kuukanda upya na kuupunguza; na maandazi ya siku hiyo, yakiwa makubwa kama mikate, huliwa kwa kicheko. Kesho binti huyo atapima.

Haya yote hayana maana kwamba nyumba iachwe kama soko lililovunjika. Uvumilivu bila ya utaratibu ni uvivu uliovaa kanzu. Yapo mambo manne ambayo nyumba yoyote yaweza kuyashika, iwe ya tajiri au ya maskini.

La kwanza, hatari iondoshwe kabla ya yote. Mafuta ya taa yatiwe katika chombo chake, chenye kifuniko cha kukaza, wala kisiwe chupa ya kinywaji. Na chombo hicho, pamoja na dawa zote, kiwekwe juu, mahali pasipofikiwa na mkono wa mtoto. Jambo hili halimngojei mtoto akue awe na akili; ni wajibu wa mtu mzima, na akilipuuza dhambi ni yake.

La pili, kazi ya watoto ipewe mahali. Kikapu kimoja cha ukindu au boksi moja la karatasi kwa mabaki ya vitambaa, waya, makopo yasiyo na makali na vibao. Na pembe moja ya ua au ya chumba ambapo kazi isiyokwisha yaweza kulala mpaka kesho bila ya kuvunjwa. Mtoto aliye na pembe yake hatasambaza vitu vyake nyumba nzima, na akisambaza anajua vinaporudi.

La tatu, kuwe na saa ya kukusanya. Kabla ya Maghribi ni wakati ufaao, maana jua likichwa watoto huitwa ndani kwa mujibu wa mafunzo ya Mtume. Kila mtoto na aokote vyake. Mdogo asiyeweza kufagia aweza kuhesabu viatu na kuvipanga. Baba naye asiketi kitini akitoa amri. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake. Mwanamume anayeona haya kuinua ufagio mbele ya wanawe na aifikiri habari hiyo kabla ya kulala.

La nne, kitu kikivunjika, sheria ya ile sahani ishikwe. Vipande viokotwe kwanza, na mtu mzima ndiye aokotaye vigae vyenye makali. Kisha mtoto aulizwe lililotokea, naye aseme bila ya kutetemeka. Kisha kilichovunjika kirudishwe: kwa kazi, kwa kutengeneza, au kwa senti za Idi ikiwa mtoto ni mkubwa wa kutosha. Akisema kweli, ukweli wake usifiwe mbele ya wenzake, na hasara izungumzwe faraghani. Wazazi wengi hufanya kinyume chake.

Limebaki neno moja juu ya akina mama, kwa kuwa wao ndio wanaolipa gharama ya aibu. Mwanamke anayeamka alfajiri, akapika, akafua, akauza maandazi, akawapeleka watoto chuoni, kisha akalala usiku akijiona hafai kwa sababu jirani yake ana kibarazani zulia lisilo na doa, huyo amedhulumiwa, na huenda aliyemdhulumu ni mgeni aliyepitisha jicho chumbani na kusema, "Hawa watoto wako, bibi!" Ziara ni ibada, na katika adabu ya ziara ni mgeni kutoona yale ambayo mwenyeji asingependa yaonwe. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni akimkuta mama katikati ya nyuzi na makopo, na ainame aokote kopo moja, amwulize mtoto: "Hiki umekitengenezaje?" Kwa swali hilo moja mama amepona, na mtoto amepata heshima mbele ya mzazi wake.

Katika kila mtaa ipo nyumba ya wazee wawili ambayo haina vurugu. Mkeka umenyooka, vikombe vimepangwa kwa idadi yake, na ukutani hapana alama ya kalamu. Watoto wamekwenda: mmoja yuko Kigoma, mmoja Kampala, mwingine ng'ambo kabisa. Mgeni akiisifu nyumba hiyo kwa usafi, bibi kizee hushukuru. Kisha huenda chumbani, hurudi na kitu kilichofungwa katika kitambaa. Ni gari la waya, lililopinda upande mmoja. Hakulitupa.

Mwenyezi Mungu awape wazazi subira na macho ya kupambanua kati ya uchafu na kazi, awahifadhi watoto na kila hatari, na azijaalie nyumba zao kuwa mahali ambapo kweli husemwa bila ya hofu. Amin.